Gari la Kuegemea

Ukisema hapa Buhembe, Bukoba, kwamba unakusanya majipu, watu huanza kukukagua shingo na kwapa. Jipu ni uvimbe wenye usaha, na tangu Rais Magufuli alipoingia Ikulu mwaka 2015 na kuanza kutumbua majipu serikalini, neno hilo halijapata tena heshima. Wazee peke yao ndio wanaokumbuka kwamba jipu lilikuwa pia gari: kigari cha jeshi kisicho na milango, kioo chake cha mbele kikilazwa juu ya boneti, turubai likifungwa kwa kamba. Jina hilo wakalirithisha kwa kila gari la kupanda milima lililofika baadaye, Land Rover nazo zikiwemo, ingawa wapenzi wa Land Rover wakisikia hivyo hununa.

Mimi nakusanya hayo. Si magari yenyewe, maana uwanja wangu umejaa migomba na mfuko wangu umejaa hewa. Nakusanya picha zake, na vikorokoro vilivyosalia baada ya yenyewe kwisha: kibao cha namba, nembo ya bati, kitabu cha fundi chenye alama za vidole vya grisi, hendeli moja ya kuwashia.

Picha ya kwanza ilitoka kwenye kifusi. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitupiga. Kuta zilipasuka mji mzima, na fremu zilizoning'inia miaka nenda rudi zikaanguka kifudifudi. Tulipokuwa tunaokoa mabati ya jamaa yangu nikaiona: picha ndogo kama boksi la kiberiti, askari watatu wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, ndani ya kaptura zao pana, wameegemea Jeep. Mwenye nyumba aliniambia nichukue, yeye alikuwa anatafuta godoro. Alijua mambo mawili tu kuihusu: wa katikati ni babu yake, na babu alikwenda Burma.

Jioni niliikalia kwa kioo cha kukuzia. Uso wa babu ulikuwa umeliwa na unyevu, umebaki weupe wenye kofia. Lakini gari lilikuwa zima. Nikahesabu mianya ya sho yake: tisa, wima. Hiyo tisa ndiyo iliyoniponza. Jeep za vita, ambazo kampuni za Willys na Ford zilitengeneza zaidi ya 600,000 kati ya 1941 na 1945, ndizo zenye mianya tisa. Willys walipoanza kuwauzia raia walibakiza saba. Na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Burma mwaka 1944. Kwa hiyo kile ambacho uso haukuweza tena kusema, bati lilikuwa linakisema, tena bila kigugumizi. Tangu siku hiyo sijaweza kutazama picha ya mtu kabla ya kutazama alichoegemea.

Wengi hudhani ukusanyaji ni tamaa tu yenye makabati. Kwangu ni kusoma, na hati zake hujifunzwa polepole. Jeep ilizaa Land Rover: Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep shambani kwake kwenye kisiwa cha Anglesey, na mwaka 1947 wakaanza kujenga gari la mkulima kwa kuigeza, likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Zile za mwanzo kabisa taa zake zimejificha nyuma ya wavu, kama macho ya bibi harusi ndani ya shela. Kisha zikachungulia, zikabaki katikati karibu na pua kwa miaka mingi, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 zilipohamia kwenye madigadi. Mwaka 1971 sho ikawa ya plastiki. Ukiona uso wa gari umenyooka kutoka digadi hadi digadi, mbele hapana pua wala mashavu, hiyo mara nyingi ni One Ten au mdogo wake, na picha hiyo haikupigwa kabla ya mwaka 1979 hata mwenyewe aape.

Moja ilinitesa wiki nzima. Ilikuwa kwenye albamu iliyotoka upande wa Ngara, mpakani na Rwanda na Burundi: Land Rover ambayo madigadi yake hayakuwa ya mviringo bali yamekatwa mshazari, kama mtu aliyenyoa panki. Nilidhani ni kazi ya fundi wa mtaani. Kumbe ni Minerva, zilizoundwa Antwerp miaka ya 1950 kwa idhini ya Rover, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Wabelgiji ndio waliokuwa wakitawala Rwanda na Burundi hadi 1962. Mpaka uliovukwa bila karatasi ulikuwa umeandikwa kwenye digadi.

Ujuzi huo ulinifanya nijivune, na kiburi kilitibiwa Muleba. Bibi mmoja huko karibu na Kamachumu alinifungulia picha ya harusi yake: yeye, mumewe, na kati yao Land Rover iliyovikwa maua ya karatasi. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikatazama taa. Ziko puani. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Bibi, mlioana kabla ya mwaka 1969."

"Waitu, mjukuu wangu," akasema, "mimi nimeolewa sabini na nne."

Nikamweleza habari za taa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. "Gari lilikuwa zee. Na bwana harusi naye alikuwa mzee. Mbona huyo hukumpima taa?"

Tangu hapo naandika kwenye bahasha zangu "si kabla ya", siandiki "mwaka". Gari hukupa sakafu ya wakati, dari hulijui. Nchi ambayo gari hufa pale tu spea zinapokwisha mjini, na hata hapo huamka kwa waya, haina dari.

Bibi yule hakunipa picha, wala sikuomba mara ya pili. Nilipiga picha ya picha. Ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu, na kitu hicho kikishagandamana hakibanduliwi: ukivuta, sura hubaki kiooni. Unaipiga palepale, kioo chake juu yake, umesimama ubavuni usijipige mwenyewe. Haya niliyajua kwa hasara. Mwanzoni kabisa nilipeleka picha nne kwenye duka moja ili zifunikwe kwa plastiki ya moto zidumu. Zikatoka zina mapovu kama maandazi, na mojawapo ilikuwa ya pekee duniani. Bukoba hunyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ziwa liko pale chini linapumua usiku kucha, na plastiki huufungia unyevu ndani pamoja na mali yako. Bahasha ya karatasi kavu, penseli laini nyuma ya picha, kabati lisilogusa ukuta: hayo ndiyo yote, na hayana gharama, ndiyo maana hayafanywi.

Nilipofikisha picha kama sitini nikazimwaga sakafuni kwa mpango wa miaka, na nikaona jambo ambalo sikulitafuta. Katika mkoa wetu wa Kagera gari la aina hii huja na neno. Haliji kutembea. Miaka ya 1950, chama cha ushirika cha wakulima wa Bukoba kilipokuwa bado kichanga, ni bwana shamba amesimama na kahawa ya robusta mkononi, wakulima wakitazama boneti badala ya majani. Kuna za misheni, padre na mifuko ya simenti. Halafu miaka ya mwisho ya 1970 picha zinakatika. Jeshi la Idi Amin wa Uganda lilivuka mpaka mwaka 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, na magari ya jeshi letu, JWTZ, yalipita hapa kwa siku na miezi. Lakini nani angetoa kamera mbele ya msafara wa jeshi? Ninayo moja tu ya wakati ule, ya kando ya barabara, gari limegeuza mgongo na vumbi limefunika kibao. Waliokwenda na magari yale na hawakurudi, wengi wamelala Kaboya, Muleba.

Baadaye yanaanza meupe. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, na mashirika yalikuja na Toyota Land Cruiser. Katika albamu zangu ni kama mtu amebadilisha ukurasa: kijani kinazimika, weupe na erio ndefu vinaingia. Wa Land Rover mtanisamehe, vita hiyo mliishindwa Ngara kabla hamjaishindwa sokoni. Na mwaka 2016, kifusi bado kibichi, yalikuja tena magari meupe yale yale, yamebeba mahema.

Nimewahi kulinganisha mkusanyo huu na ule wa majirani. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la Uganda, lilifunguliwa kabati lenye negativu zipatazo 70,000, kazi ya wapiga picha wa serikali, nyingi za enzi ya Amin; mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda, Kampala. Hazina hiyo inanitia wivu, nakiri. Lakini picha ya serikali inajua mapema nani wa kutazamwa. Gari limembeba mkubwa na nyuso zote zimemgeukia. Katika picha zangu mkubwa hayumo. Yuko ndani ya ofisi anasaini, dereva yuko kivulini, na watu ambao gari si lao wamelisogelea, wametia mkono kiunoni, kiwiko juu ya digadi, kwa muda ule mfupi wa chai. Mpiga picha naye anaujua muda huo, alikuwa anausubiri. Mkulima asiyemiliki hata baiskeli ametoka kwenye picha hiyo kama mwenye gari, na ukutani kwake amebaki hivyo miaka hamsini.

Oktoba 2024 Arusha ilipanga Land Rover zaidi ya 1,000 kwenye msafara mmoja kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia. Nilitazama kwenye simu, nikafurahi kwa kweli. Huku kwetu zilizobaki ni sufuria. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, kwa hiyo Rover wakatumia aluminiamu kwa bodi, na aluminiamu haishiki kutu kama chuma, lakini huyeyuka. Mnunuzi wa chuma chakavu akifika na mizani, boneti ya 1958 na kopo ni kitu kimoja kwake. Mara nyingi nimefika kwa mtu nikaambiwa, "Ungekuja juzi."

Ndiyo sababu hendeli yangu naipenda kupita kiasi. Ni chuma, nzito, hakuna aliyeweza kuipikia wali. Imetundikwa mlangoni, na jirani huja kuiazima kuchokolea mashimo ya kupanda migomba. Juu yake nimeweka picha ninayoihangaikia sasa: Land Rover ya taa za puani, watu wazima wanne wameiegemea, na mbele kabisa utingo, kijana wa miaka kumi na sita hivi, peku, ameinamia bampa ameshika hendeli kama anayesubiri amri. Majina manne nimeshayapata, yako nyuma kwa penseli. La utingo nimelitafuta Kashozi, Kemondo, Muhutwe, hadi Muleba mjini.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa hapa hapa Buhembe aliishika picha hiyo muda mrefu, akaisogeza mwangani, akairudisha. Jina hakulijua. Alikumbuka tu kwamba kijana huyo alikuwa na kawaida ya kuruka chini na kukimbia sambamba na gari kabla halijasimama, ili awahi kuweka jiwe nyuma ya tairi. Nilichonga penseli, nikageuza picha, na chini ya yale majina manne nikaandika: anakimbia na gari kabla halijasimama.