Hesabu Matundu, Usihesabu Kamera

Kwenye meza ya muuza simu wa Palma au Mocímboa da Praia, kadi ya memori ni kitu kimoja tu: microSD, ndogo kama ukucha. Kijana wa leo anaweza kudhani hakukuwa na nyingine. Zilikuwapo, na zilipigana vikali.

Mwaka 1994 SanDisk ilileta CompactFlash. Toshiba ikafuata na SmartMedia, iliyokomea megabaiti 128. Mwaka 1998 Sony ikatoa Memory Stick, na 2002 Olympus na Fujifilm wakashirikiana kuleta xD. Katikati ya wote hao, mwaka 1999, Panasonic, SanDisk na Toshiba walitangaza SD.

Kosa jepesi wakati ule lilikuwa kupima nguvu ya kadi kwa mauzo ya kamera. Sony iliuza kamera nyingi, basi Memory Stick ikaonekana ina soko kubwa. Lakini soko hilo lilining'inia kwenye kampuni moja. SD haikumtegemea mkubwa mmoja, ilitegemea matundu ya kuchomekea kadi. Canon, Nikon, Panasonic, Kodak, kisha kompyuta za mapajani: kila tundu jipya lilishusha bei ya kadi, na bei hiyo ikavuta tundu jingine. Mwaka 2010 Sony yenyewe ikaanza kutoa kamera zinazopokea SD. Vita ikawa imekwisha.

Asilimia nazo zina mtego wake. CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, kilihesabu kamera dijitali zipatazo milioni 121 zilizotoka viwandani mwaka 2010. Za kubadilisha lenzi zilikuwa karibu milioni 13, kama moja katika kila kumi. Mwaka 2023 kamera zote zilikuwa milioni 7.7, na za lenzi milioni 6. Sehemu ya hizi za lenzi sokoni imepanda hadi karibu asilimia 78, ilhali idadi yake imepungua kwa zaidi ya nusu! Kilichozimeza kamera ndogo ni simu, na simu hazimo kwenye jedwali hilo. Hata kamera za mitumba hazimo.

Ndiyo maana sikubali upesi wanaposema kwamba microSD, yaani SD iliyofanywa ndogo, nayo inakufa. Ni kweli iPhone haijawahi kuwa na tundu la kadi, na Samsung ililiondoa kwenye Galaxy S21 mwaka 2021. Kwa simu ghali nyingi, habari imekwisha. Lakini pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haiishi kwa simu ghali. Kwenye simu za bei nafuu, za akina Itel na Tecno, tundu bado lipo, na mnunuzi wa kadi hata si mpiga picha: anaweka nyimbo, mawaidha na filamu, anampa mwenzake mkononi bila kununua bando.

Tena mwaka huohuo wa 2021, tarehe 24 Machi, Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika. Picha iliyo kwenye kadi haihitaji mnara. Humfuata mwenyewe hadi Pemba au ng'ambo ya Ruvuma. Faida hiyo haionekani kwenye takwimu yoyote ya viwandani.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara unayeagiza mzigo Nampula au Mtwara, usiongozwe na jedwali la Tokyo. Fungua simu za wateja wako, uhesabu matundu, ndipo uagize.