Kiswahili Kinaishia Kwenye Kitufe

Xman ina sura mbaya, tusidanganyane. Ukiifungua unapata dirisha dogo lenye vitufe vitatu, Help, Quit na Manual Page, vimepangwa kama fomu ya kwa chifu. Kazi yake ni moja: kukuonyesha kurasa za mwongozo za kompyuta, zile ambazo watu wa Linux huzisoma kwenye teminali kwa kuandika man na jina la amri. Iliandikwa miaka ya 1980 na Chris Peterson wa MIT, kutokana na toleo la awali la Barry Shein wa Boston University, na ukiiangalia leo huwezi kukosea umri wake. Bado naiweka juu ya programu nyingi mpya za kazi hiyo, na sababu yangu haihusu macho.

Naishi Free Area, Nakuru, na laptopu yangu ni ya mtumba. Kurasa za mwongozo huja pamoja na mfumo, zinakaa ndani ya mashine, hazili data. Kwa mtu anayejifunzia kompyuta mtaani hilo si jambo dogo. Video ya dakika 20 inakula pesa ya chapati. Ukurasa wa ls unausoma bure hata mtandao ukipotea. Binamu yangu, aliyemaliza kidato cha nne, anajifunzia kwangu. Kiingereza chake ni kizuri, cha kupita mtihani. Lakini ukurasa wa mwongozo huusoma mara tatu, kisha ananigeukia: "Sasa hapa wanasema nini?" Namweleza kwa Kiswahili, kile chetu cha Nakuru, na anashika mara moja. Kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yapo tayari. Ni vile tu yanaishi mdomoni.

Xman unaibadilisha kwa faili moja ya maandishi iitwayo .Xresources. Kila kipande cha dirisha kina jina lake, na ukilijua jina unakiamrisha. manualFontNormal ni fonti ya maandishi ya kawaida. bothShown inaweka orodha ya kurasa na ukurasa wenyewe kwenye dirisha moja. Vitufe navyo vina majina: helpButton, quitButton, manpageButton. Unaandika mstari kama huu:

Xman*quitButton.label: Toka

Unaisomesha mashine kwa xrdb -merge, unafungua xman upya, na kitufe kinasema Toka. Dakika tano, vyote vitatu vinaongea Kiswahili. Maneno yenyewe yana mizigo yake, kweli. "Msaada" masikioni mwangu ni gunia la mahindi wakati wa ukame. Na "mwongozo", kwa yeyote aliyefanya KCSE, ni kile kijitabu unachokesha nacho usiku wa kuamkia mtihani badala ya kusoma riwaya yenyewe. Nimeyaacha yote mawili. Tutazoea.

Lakini hapo kwenye kitufe ndipo Kiswahili chetu cha kompyuta huwa kinashukia, kama abiria aliyelipa nusu ya nauli. Nasema hivi nikiwaheshimu waliotangulia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kuketi chini kutafuta neno la kila menyu ni kazi ya jasho. Microsoft nao walikuwa na kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP, kilichoundwa kugusa sehemu zinazotumika sana tu. Ukizama kidogo unarudi kwa Kiingereza. Simu tunazo, na Kiswahili kimo kwenye mipangilio. Marafiki zangu wengi wameshawahi kukiweka. Wanacheka, wanapiga skrinshoti, wanarudi Kiingereza kabla chai haijapoa.

Husemwa kwamba shida ni msamiati, eti "kipakatalishi" kinachekesha. Sikubaliani. Kitufe ni neno moja lililosimama peke yake bila sentensi, na neno la namna hiyo huchekesha katika lugha yoyote. Neno hupata uzito likikaa ndani ya maelezo yanayokufundisha kitu ambacho hukukijua. Maelezo hayo ndiyo hatujaandika.

Kurasa za mwongozo zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu umbo lake limeshatengenezwa. Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka Bell Labs Novemba 1971, mkononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na sehemu zake tunazo hadi leo: jina, muhtasari, maelezo, tazama pia. Kisha kuna sehemu ninayoipenda kuliko zote, BUGS, ambapo mwandishi anakutajia kasoro za kitu chake mwenyewe. Ebu nionyeshe kitabu kingine cha maelekezo chenye ujasiri huo.

Na hapa ndipo xman inapoipita Yelp, programu nzuri ya GNOME ambayo inakuachia ukuze herufi na si mengi zaidi. Xman ina kipengele kiitwacho helpFile: unaitajia faili yako, na mtu akibonyeza Msaada anaona ulichoandika wewe. Kuna faili nyingine, mandesc, unayoiweka kwenye folda ya kurasa ili kuzipa sehemu majina unayotaka. Sehemu ya 1 kwangu inaitwa "Amri za Kila Siku". Na kwa MANPATH unaielekeza ilipo folda yako. Yaani wale jamaa wa MIT waliacha mlango wazi hadi chumba cha ndani, sisi tukapaka rangi kizingiti.

Nikajaribu kuuandika ukurasa wa rm. Kwa Kiingereza mstari wa kwanza unasema inaondoa faili au folda, basi, twende. Kwa Kiswahili nilikwama kwenye kitenzi. Simu zetu zote zinasema "futa". Lakini kufuta ni kazi ya dasta na ubao: maandishi yenyewe yanapotea. Rm haifanyi hivyo. Inachoondoa ni jina. Ndani ya mfumo kazi hiyo inaitwa unlink, kukata kiungo kati ya jina na data, na ukurasa wa Kiingereza wenyewe unaonya huko chini kwamba yaliyomo huenda yakarudishwa na mtu mwenye ujuzi na muda. Faili moja inaweza kuwa na majina mawili, kama vile mtu anavyoitwa Kamau nyumbani na Kamosh stejini. Ukiondoa jina la Kamosh, Kamau bado yupo. Faili huachiliwa pale tu jina la mwisho linapoondoka na hakuna programu inayoishikilia.

Niliandika "huondoa jina la faili". Binamu yangu alisoma, akanyamaza kidogo, akauliza: kwa hiyo ukiuza simu baada ya "kufuta" picha, mnunuzi anaweza kuzipata? Simu zina mambo yake ya ziada, hasa usimbaji, lakini swali lilikuwa lenyewe. Hakulitoa kwenye ukurasa wa Kiingereza, aliousoma mara tatu. Alilitoa kwenye kitenzi kimoja kilichochaguliwa vizuri. Dada mwenye kibanda cha simu hapa mtaani anahitaji jibu lake kuliko anavyohitaji kitufe cha Toka.

Kuna raha ndogo nyingine. Kiswahili hakina herufi za nukta na vikofia, kwa hiyo fonti kuukuu za xman zinakitosha, mahali ambapo lugha nyingine zingeteseka. Kinachosumbua ni ng'. Groff, inayopanga kurasa hizi, hupenda kukunja ile alama ya juu, na inabidi uiandike \(aq kama unaitaka iliyonyooka. Kwa neno "ng'oa" hiyo ni kazi ya kuchosha.

Kwenye laptopu yangu, ndani ya /usr/share/man, kuna folda za de, fr, ja na wenzao. Ya sw haikuwepo. Ukiweka lugha ya mashine kuwa sw_KE, man inajua yenyewe kwamba ianze kutafuta humo. Nimeitengeneza, na sasa ina ukurasa mmoja, wa rm. Wa ln anauandika binamu yangu. Anataka link iitwe "kamba", mimi nasema "kiungo", na tangu Jumapili hatujaelewana.