Chuma Kilichoikataa Nane

Mpwa wangu wa kidato cha pili, hapa Mlowo, huchora atomi kwa vyombo vya jikoni. Kizibo cha soda kinampa duara la ndani, mdomo wa glasi la pili, kikombe cha bati la tatu. Kiini ni nukta nene ya kalamu. Halafu anapanga elektroni kama mtu anayechambua maharage: mbili, nane, nane. Sodiamu ikamkalia sawa, 2, 8, 1. Klorini, 2, 8, 7. Ile moja ya nje ikihamia kwenye pengo la jirani, chumvi imepatikana. Kalsiamu iliyomo kwenye chokaa, 2, 8, 8, 2.

Kisha akajaribu chuma. Mtoto wa Mbozi atakiachaje, na Kimondo, bonge la chuma lililotoka angani, kipo hapa hapa wilayani, Ndolezi? Elektroni 26. Akagawa 2, 8, 8, 8, akaniletea daftari. "Mjomba, chuma kimejaa."

Kujumlisha hakukosea. Lakini atomi yenye nane nje, isiyodai wala kudaiwa, ni ya ukoo wa neoni na arigoni, nazo ni gesi. Kwa mchoro ule Kimondo kingekuwa hewa, na mabati yetu yasingejua kutu.

Tatizo ni hiyo nane, tunayoikariri kana kwamba ndiyo kipimo cha kila duara. Duara la tatu linabeba hadi 18. Likifika nane hutulia tu kwa muda. Elektroni hukaa pale panapoigharimu atomi nishati ndogo zaidi. Kwenye potasiamu na kalsiamu, duara la nne ni nafuu kuliko nafasi zilizobaki za la tatu, kwa hiyo mbili zinatangulia nje. Kuanzia skandiamu, elementi ya 21, wageni wanarudi kujaza ndani. Chuma kinatoka 2, 8, 14, 2.

Nukta 14 hazikuenea kwenye kikombe. Duara la tatu likachorwa kwa sahani, la nne kwa mfuniko wa sufuria.

Michoro ya maduara tuliirithi kwa Niels Bohr wa Denmark, mwaka 1913. Miaka mitatu baadaye Mmarekani Gilbert Lewis aliyaacha yote, akabakiza alama ya elementi na nukta za elektroni za valensi pembeni yake. Kwa maji na chumvi mimi naupenda wa Lewis, haupotezi wino. Kwa chuma unapunja. Nukta mbili zinakuambia chuma hutoa mbili, na kweli hutoa. Ila kikikutana na hewa na unyevu huishia kutoa na ya tatu, na hiyo inatoka kwenye zile 14. Zinabaki 13: nane za zamani, na tano zilizogawana nafasi tano, kila moja na yake, mpango uliotulia. Wekundu wa kutu ni chuma kilichokwisha kutoa tatu. Kwa hiyo valensi ya chuma huwezi kuisoma kwenye duara la nje peke yake.

Kimondo chenyewe, ambacho mpimaji W. H. Nott alikitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930, ni chuma karibu asilimia 90 na nikeli, 2, 8, 16, 2, zaidi kidogo ya asilimia 8. Humo ndani elektroni za nje hazina mwenyewe. Zinazunguka kati ya atomi zote na kuzishikilia pamoja, na ndiyo sababu kipande kilichotolewa ncha moja kilikatwa kwa msumeno. Jiwe lingemeguka kwa nyundo.

"Sasa hizo zisizo na mwenyewe nazichora wapi?" akauliza. Hizo hatukuzichora. Sahani ilikuwa inahitajika jikoni.