Ngome, Stesheni na Suala la Hadhira

Wenzangu wanaotoka Kigoma husema mara kwa mara: "Wazanzibari wana Ngome Kongwe, sisi je? Si tupewe hata jengo moja la Mjerumani tufanyie sanaa!" Hoja hii naiunga mkono, lakini si kwa upofu. Mhakiki hahakiki mchezo peke yake. Jukwaa nalo lina fani na maudhui yake.

Tuanze na Ngome Kongwe. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya Wareno kutimuliwa mwishoni mwa karne ya 17, kusudi wazuie watu kuingia. Baadaye ikawa gereza, kisha karakana ya reli. Katika miaka ya 1990 ndani yake kukawekwa jukwaa la wazi lenye ngazi za kukalia. Tamasha la Nchi za Jahazi likaanza 1998, Sauti za Busara 2004. Haya ni mafanikio, hakuna ubishi: palipofungwa watu sasa panapigwa taarab. Hata hivyo, penye ukuta pana mlango, na penye mlango pana mtu wa tiketi. Tamasha la Nchi za Jahazi lenyewe lilipeleka shughuli zake mpaka vijijini, maana hadhira kubwa ilikuwa huko nje.

Sasa twende Ujiji. Katika makumbusho ya Livingstone ziliwekwa sanamu za wazungu wawili, Stanley na Livingstone, wakisalimiana mwaka 1871. Mimi naziona kama tamthilia ya onyesho moja na wahusika wawili. Susi, aliyetoka mbio kumlaki Stanley, hayumo katika salamu hiyo. Na watu wa Ujiji, mji uliokuwa kituo cha misafara kabla wazungu hao hawajaukanyaga? Wamebaki watazamaji wa mchezo uliotokea uani kwao.

Kwa hiyo jengo tu halitoshi. Mwaka 2012 Kigoma All Stars walitoa wimbo "Leka Dutigite", jina la Kiha kabisa, lakini wengi wao walikuwa wamejijengea majina Dar es Salaam. Kijana wa Mwanga au Kibirizi anayetaka kuigiza au kuimba bado anawaza nauli ya treni kwanza. Ndicho kinachoniuma.

Mimi ningechagua uwanja wa mbele ya stesheni ya Kigoma, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika pale 1914. Hapo hadhira ipo tayari: msafiri, mpagazi, mama wa dagaa, mgeni aliyevuka ziwa kutoka Kongo. Lakini kabla ya kukabidhiwa funguo za jengo lolote, tuulize: nani atapanga ratiba? Kiha kitapewa usiku mingapi? Kiingilio kitamfaa mvuvi? Bila majibu hayo tutapata ngome nyingine, ila hii itakuwa na spika.

Wenye maoni tofauti, hasa walimu wetu wa sanaa za maonyesho, kurasa ziko wazi.