Shōgun Imerudi, na Safari Hii Tunawasikia Wenyeji

Jamani, imekuja! Vipindi viwili vya kwanza vya Shōgun mpya vilitoka tarehe 27 Februari 2024, na tangu nivitazame sina habari nyingine ya kumpa mtu. Nimeshamweleza jirani, nimeshawaeleza jamaa wa WhatsApp, sasa nawaeleza nyinyi: hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyoviona kwenye televisheni kwa miaka mingi, na nasema hivyo nikiwa bado sijavitazama vipindi vinane vilivyobaki.

Kwa wasioijua ile ya zamani, Shōgun ya kwanza ilionyeshwa na NBC ya Marekani usiku tano mfululizo, kuanzia 15 hadi 19 Septemba 1980. Ilitokana na riwaya nene ya James Clavell ya mwaka 1975. Rubani Mwingereza, John Blackthorne, anatupwa na bahari kwenye pwani ya Japani mwaka 1600 na kuikuta nchi imekaa juu ya kaa la moto. Mtawala amekufa, mrithi wake ni mtoto mdogo, na mabwana watano waliokabidhiwa dola wanaviziana kama paka na panya. Richard Chamberlain ndiye aliyekuwa rubani. Toshirō Mifune, yule simba wa filamu za Kurosawa, alikuwa Bwana Toranaga. Yoko Shimada alikuwa Mariko, mkalimani, na msimulizi alikuwa Orson Welles na sauti yake ya radi. Sisi Mombasa tuliipata kwa kanda za VHS, za kuazimana, picha imeshaanza kupiga mistari. Tulizitazama hivyo hivyo na hatukutaka kulala.

Lakini kulikuwa na jambo moja katika ile ya zamani ambalo lilinisumbua hata nilipokuwa mdogo. Wajapani walisema Kijapani, na chini ya picha hapakuandikwa kitu. Watengenezaji walifanya hivyo kwa makusudi, ili mtazamaji awe gizani kama Blackthorne alivyokuwa gizani. Ni ujanja mzuri, na ulifanya kazi. Ila fikiria gharama yake! Una Mifune, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa waliowahi kusimama mbele ya kamera, anafoka, ananyamaza, anacheka hadi mabega yanamtikisika, na wewe hujui amechekeshwa na nini. Unamngoja Welles akwambie, au Mariko atafsiri. Ukumbi mzima wa watu wenye akili, hila, hofu na mapenzi, na sote tumebanwa kichwani mwa mgeni mmoja asiyejua hata kuomba maji.

Sasa hapo ndipo hii mpya inaponitoa roho. Rachel Kondo na Justin Marks, walioibuni upya, wamefungua milango yote. Sehemu kubwa ya mazungumzo ni Kijapani, na safari hii maandishi ya tafsiri yapo. Na si Kijapani cha kuokota. Maneno yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, yakafasiriwa, kisha akapewa mwandishi wa tamthilia za jukwaani, Kyoko Moriwaki, ayapambe kwa lafudhi na adabu za zama zile. Sijui Kijapani, lakini sikio halidanganyiki: unasikia mtu anavyoshuka sauti mbele ya mkubwa, anavyokata sentensi akiwa na hasira, anavyotumia heshima kama kisu. Sisi watu wa shikamoo na marahaba tunalijua hilo. Salamu inaweza kuwa salamu, na inaweza kuwa vita.

Matokeo yake ni kwamba Blackthorne, anayeigizwa na Cosmo Jarvis, ghafla anaonekana kama wenyeji walivyomwona: mtu mchafu, mwenye kelele, anayenuka jahazi, anayetukana kwa lugha isiyoeleweka huku wao wakijadiliana kwa utulivu kama wamuue leo au wamweke akiba. Wanamwita mshenzi, na ukimtazama unaona wana hoja! Zamani, kwenye mabanda ya video, kila filamu ilikuwa na steringi wake mmoja, na tulijua steringi hafi. Hapa ma-steringi ni watatu, rubani, bwana na mkalimani, na kila mmoja amebeba hatari yake mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze tukio la kipindi cha kwanza lililonikalisha kimya. Katika ngome ya Osaka, mabwana wanamshambulia Toranaga kwa maneno matamu yenye sumu. Kijana mmoja, samurai wake, anashindwa kuvumilia. Anainuka na kumtetea bwana wake bila kuruhusiwa. Basi. Kosa lenyewe ni hilo. Kwa kumwaibisha bwana wake mbele ya maadui, lazima afe, na ukoo wake ufe naye, yaani hata mwanawe mchanga anayenyonya. Halafu tunapelekwa kwa mke wake, Fuji, msichana tu, amemkumbatia mtoto na hataki kumwachia. Mariko anaketi naye na kumsemesha polepole, bila kumlazimisha, bila kumdanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Moeka Hoshi, anayemwigiza Fuji, karibu hasemi kitu. Uso wake unabadilika kama maji yanayokupwa, na unabaki ukijiuliza ni nchi gani hii ambamo mwanamke anaweza kuombwa jambo kama hili kwa adabu namna hii. Hakuna mgeni kwenye chumba kile. Hakuna wa kutueleza. Ile ya 1980, kwa namna ilivyofungwa kwenye macho ya rubani, isingeweza kutufikisha hapo.

Na Yabushige! Tadanobu Asano amemchukua yule bwana mdogo msaliti na kumfanya mtu ninayemsubiri kila akitoka kwenye picha. Ni katili, anawachemsha watu wakiwa hai na kusikiliza vilio vyao kama mtu anayesikiliza taarabu. Ni mwoga pia, na ni jasiri, na ni mchekeshaji, yote kwa dakika moja. Kuna dhoruba, mtu ametupwa na mawimbi chini ya jabali, na Yabushige anateremka kwa kamba kumfuata, kwa sababu tu hawezi kuonekana ameogopa. Maji yanapanda. Anaona hakuna njia ya kutoka. Anaguna, anachomoa upanga ili ajimalize mwenyewe kabla bahari haijammaliza, na anafanya hivyo kwa uso wa mtu aliyechelewa basi. Nilicheka kwa nguvu huku roho iko mkononi. Waliosoma riwaya wanalijua tukio hili, na hata ile ya zamani ilikuwa nalo, lakini huyu Asano amelifanya lake.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nisimame kutoka kwenye kiti. Kipindi cha pili, Toranaga anamwita Blackthorne na kumtaka amweleze dunia. Rubani anachora ramani mchangani. Mariko, yaani Anna Sawai, anatafsiri. Blackthorne anaeleza kwamba Wareno na Wahispania wameigawana dunia kati yao kwa mkataba, huku upande huu, huku upande ule, na kwamba Japani iko upande wa Wareno. Mariko anasita. Anataka ahakikishe amesikia sawasawa kabla ya kumwambia bwana wake kwamba kuna karatasi huko Ulaya inayosema nchi hii ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Tazameni uso wa Hiroyuki Sanada, Toranaga wetu wa sasa, wakati huo. Hapandishi sauti. Hapepesi jicho. Lakini unaona hesabu zote kichwani mwake zinapangwa upya.

Watu wa pwani, jamani, mchanga ule ulikuwa na sisi ndani yake! Mkataba huo ni wa Tordesillas, wa mwaka 1494, na katika mgawo huo pwani yetu iliangukia upande ule ule wa Wareno. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipita Mombasa, akapewa rubani Malindi, akavuka hadi India. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Ngome yao hapa kwetu walianza kuijenga mwaka 1593, miaka saba tu kabla ya hadithi hii kuanza. Jemadari wa Mombasa na wafanyabiashara waliopeleka hariri ya Makau Nagasaki walikuwa chini ya mkono mmoja, mkono wa Wareno waliokaa Goa. Wale mapadri tunaowaona Osaka, wenye majoho meusi na hesabu za biashara mkononi, wangeweza kuzungumza na wakubwa wa Ngomeni bila kuhitaji mkalimani. Mara zote nilizoitazama ile ya zamani, jambo hili halikunijia, kwa sababu ile ilikuwa hadithi ya Mwingereza aliyepotea. Hii inaanza na swali la mwenyeji: ninyi ni nani, na nani amewapa nyumba yangu?

Na Mariko mwenyewe! Kipindi cha pili kinaitwa Watumishi wa Mabwana Wawili, na jina hilo limemkaa barabara. Ni Mkristo, ameelimishwa na Wajesuiti, anajua lugha yao, anavaa msalaba wao, na wakati huo huo ni binti wa nyumba ya kisamurai anayemtii Toranaga. Mwili mmoja, ahadi mbili. Nilipokuwa namtazama nilimfikiria Yusuf bin Hassan, yule mwana wa mfalme wa Mombasa aliyepelekwa Goa akiwa mtoto baada ya baba yake kuuawa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akalelewa na mapadri, akarudishwa kwao kutawala kwa niaba yao, mpaka mwaka 1631 alipoingia Ngomeni na kumuua jemadari wao. Sawai anacheza kama mtu anayejua kwamba utii wa aina hii una tarehe ya mwisho. Anaketi wima, anasema kwa upole, na chini ya upole ule kuna kitu kinachokusanya nguvu. Sijawahi kuona mkalimani akifanywa mtu hatari kuliko wote chumbani, na hapa ndivyo ilivyo: yeye peke yake ndiye anayejua pande zote mbili zimesema nini.

Kuna ninayoyalalamikia, na nitayasema haraka. Picha wakati mwingine ina giza na ukungu kupita kiasi, na pembeni mwa kioo mambo hufifia mpaka unajikuta unafikicha macho. Ile ya 1980 ilipigwa Japani kwenyewe, na jua lake lilikuwa jua. Hii imepigwa Kanada, kwenye pwani ya British Columbia, ambayo ni nzuri lakini ni baridi mno kwa jicho. Jarvis naye ana sauti nzito ya kukwaruza ambayo mwanzoni ilinikumbusha jinsi Chamberlain alivyokuwa mwepesi na mwenye mvuto. Kufikia mwisho wa kipindi cha pili nilikuwa nimemkubali kabisa. Mtu aliyekaa baharini karibu miaka miwili hawezi kuwa na sauti ya kinanda.

Na kwa wale watakaosema Mifune hana mfano: ni kweli, hana. Sanada hajajaribu kumwiga, na hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Toranaga wa Mifune aliingia chumbani na ukuta ukatetemeka. Toranaga wa Sanada anaingia chumbani na kila mtu anashusha pumzi bila kujua kwa nini. Sanada pia ni mtayarishaji wa tamthilia hii, na mkono wake unauona katika mambo madogo: jinsi wanawake wanavyokunja kimono kabla ya kupiga magoti, jinsi upanga unavyowekwa sakafuni na upande upi, jinsi mlango wa karatasi unavyofunguliwa kwa hatua, si kwa pupa. Mtu asiyejua hata mila moja ya Kijapani anahisi kwamba hapa hakuna kilichobahatishwa.

Ushauri wangu kwa atakayeitazama: msikubali ile yenye sauti zilizobandikwa juu. Tazameni ya Kijapani na maandishi yake, taa zimezimwa, simu iko mbali, maana ukiinama kujibu ujumbe umepoteza neno ambalo litamgharimu mtu kichwa. Na mkiweza kuipata ile ya zamani, itazameni pia, kwa ajili ya Mifune na sauti ya Welles.

Kipindi cha pili kinatuacha hapa. Toranaga amezingirwa ngomeni Osaka, wenzake wanne wanataka kumpigia kura ya kifo, na sisi tuliosoma riwaya tunajua atatumia hila gani kutoka, siwaambii ng'o! Ninachokingoja mimi ni kumwona Sanada akisogea. Huyu ni mtu aliyefunzwa mapigano na Sonny Chiba tangu akiwa mdogo, na katika saa mbili nzima upanga wake umefanya kazi mara moja tu, gizani, kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Siku atakapouchomoa mchana, nataka nyumba nzima iwe imekaa mbele ya kioo pamoja nami.