Kumpima Fundi Kabla Hajashika Spana

Gari likichemka kwenye mpando wa Sachangwan, kila anayepita ana jibu. Dereva wa lori atakuambia utoe thamostati. Jirani atasema ni gasketi ya hedi, maana ya shemeji yake ilikuwa hivyo hivyo. Fundi wa ovyo ataanza kulegeza nati. Fundi hodari ataegemea mlango na kuuliza: lilichemka likipanda mlima, au likiwa kwenye foleni pale mjini Nakuru?

Swali hilo ndilo kipimo cha kwanza. Gari linalochemka likiwa limesimama na kupoa likishika kasi lina shida ya upepo, kwa hiyo feni ndiyo ya kushukiwa, pamoja na fyuzi na rilei yake. Linalovumilia foleni halafu likachemka mlimani lina rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vya kutosha. Linalochemka popote linapokwenda, tazama kwanza kama maji yamo. Mwenye gari anaweza kujibu haya yote bila kuchafua mikono, na akimfikia fundi na majibu, kazi imeshapungua nusu.

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani au wa Ulaya havitilii mkazo. Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Timboroa, palipo zaidi ya mita 2,700, huchemka kwenye 91. Injini nyingi hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 100, kwa hiyo kinachozuia maji yasitokote ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko cha rejeta. Kile kifuniko kidogo kilichoandikwa 0.9 au 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, gari lililokuwa zima Mombasa litatapika maji Mau Summit. Fundi anayefungua hedi kabla ya kukikagua kifuniko hiki hajui kazi, hata akiwa na gereji ya vioo. Nawe kikague, lakini injini ikiwa imepoa kabisa. Kifuniko cha rejeta yenye moto kimewaunguza wengi nyuso.

Thamostati ndiyo inayoonewa zaidi. Hii tabia ya kuitoa na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto, haina utetezi. Bila thamostati injini hukaa baridi, kompyuta ya gari hudhani bado ni asubuhi na kuendelea kuongeza petroli, nawe unashangaa mafuta yanakwenda wapi. Katika baadhi ya injini za Kijapani, thamostati ikiwa wazi huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huiruka rejeta na kurudi injinini ikiwa na moto wake wote, na gari huchemka zaidi mlimani. Kuipima ni kazi ya jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi, washa moto, utazame. Iliyoandikwa 82 lazima iwe imefunguka maji yakianza kutokota. Isipofunguka, nunua nyingine. Ikifunguka, irudishe ilikotoka.

Maji nayo yana lawama yake. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi. Floridi yake tunaiona kwenye meno ya watu, na madini mengine huganda ndani ya mirija ya rejeta. Tumia kulanti. Ukiona maji ya rejeta yana rangi ya kutu, mwenye gari aliyekutangulia alikuwa wa kujazia bombani.

Gasketi ya hedi huja mwisho wa orodha, kwa sababu ndiyo ghali. Kabla ya kukubali ifunguliwe, omba dalili. Injini ikiwa baridi, toa kifuniko cha rejeta, washa, utazame. Viputo visivyokoma vinavyoongezeka ukikanyaga mafuta ni ushahidi mzito. Tazama pia oili kwenye kijiti: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Moshi mweupe peke yake hautoshi. Asubuhi ya Molo kila gari hutoa moshi mweupe, na ukikatika baada ya dakika chache ni mvuke tu.

Kisha kuna injini inayomisi, ile inayotetemeka na kukohoa ukiongeza moto. Siku hizi fundi atachomeka mashine na kusoma namba. Namba si jibu. P0302 inasema silinda ya pili haichomi sawasawa, haisemi kwa nini. Fundi hodari huhamisha koili ya silinda ya pili na kuiweka kwenye ya tatu, halafu husoma tena. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, huhamisha plagi, kisha hugeukia nozeli. Hakuna spea iliyonunuliwa mpaka hapo, na mwenye Fielder anaweza kuyafanya haya uani kwake kwa spana chache. Ila kabla ya kuchomoa plagi, pulizia vumbi litoke shimoni. Vumbi la barabara zetu likidondokea ndani ya silinda, umeanzisha ugonjwa mwingine.

Vumbi hilo hilo huziba filta ya hewa, na gari likakosa nguvu. Magari ya Rali ya Safari yamewahi kufungwa mabomba ya kuvutia hewa juu, karibu na paa, ili yasinywe vumbi la Naivasha. Probox yako haina hayo. Inua filta dhidi ya jua: mwanga usipopenya, badilisha. Ila kumbuka kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake Nakuru, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hilo si kosa la gari wala halina spea. Atakayekuuzia sensa ili kulitibu, mwage.

Breki usizifanyie majaribio nyumbani zaidi ya kutazama unene wa padi na umri wa maji ya breki. Maji hayo hunyonya unyevu: aina ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 ikiwa mpya, lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140, na mteremko wa Mai Mahiu hufikisha joto hilo upesi. Na ukiingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi, zuia magurudumu.

Kazi ikiisha, ikague kabla ya kulipa. Silikoni iliyofura nje ya kiungo imefura na ndani pia, na vipande vyake husafiri na oili. Waya zilizosokotwa na kuvikwa tepu zitakurudisha mwezi ujao. Kibanio cha mpira kilichobadilishwa kwa waya wa kufungia ua kinajieleza. Dai kipande cha zamani ukione. Halafu usilijaribu gari kwenye barabara tambarare ya kwenda Lanet. Lipandishe kuelekea ukingo wa Menengai, likiwa na watu ndani, jicho likiwa kwenye geji ya joto.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, tunalifanya sisi wenye magari. Fundi akitumia saa nzima kupima, akagundua ni kifuniko cha shilingi mia chache, tunamwambia hajafanya kitu na kumpa ya chai. Yule aliyefungua hedi bure tunamlipa maelfu. Ndiyo maana mafundi wengi wamekuwa wauza spea. Ukimpata anayeuliza kabla ya kufungua, patana naye bei ya kupima peke yake, na umlipe yote hata kama hakubadilisha chochote.