Fundi Mwenye Shaka

Seremala husifiwa kwa mlango unaofunga vizuri, mwashi kwa ukuta ulionyooka. Fundi umeme ana kazi moja ambayo hakuna mgeni atakayeiona wala kuiulizia: kuhakikisha soketi haina umeme kabla hajaigusa. Hiyo ndiyo ninayoisifu.

Sisi wengine huzima swichi ya soketi tukaridhika. Yeye haridhiki. Swichi ile aghalabu hukata waya wa moto peke yake. Aliyetangulia akiwa ameziunga waya kinyume, moto umebaki palepale. Mwambie pasi imegoma kupata moto, bado hashawishiki: nyutro ikikatika njiani pasi hupoa, na volti 230 zipo vilevile. Mwambie Luku imeisha, atatabasamu. Kwenye nyumba ya wapangaji, yeyote anaweza kurudi na tokeni, akabonyeza tarakimu zake 20, na umeme ukarudi wakati bisibisi imo ukutani.

Kwa hiyo hushusha breka ya saketi ile, akaifunga au akaibandika onyo, akauliza kama kuna sola au jenereta. Kisha huchukua mita yake, na hapa ndipo ufundi unapokolea. Kwanza huipima kwenye soketi ya chumba kingine anayojua ina umeme: namba zinapanda. Hurudi kwenye ile ya kazi, akapima moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Sifuri, sifuri, sifuri. Halafu, badala ya kufungua skrubu, anaondoka tena kwenda chumba kile kuipima mita upya.

Mwenye nyumba humwona anazungukazunguka tu. Lakini mita iliyokatika waya na soketi iliyokufa hutoa jibu moja, sifuri, na anayetaka kuzitofautisha hana budi kukishuku hata chombo anachokitegemea.

Mwoga angeikimbia soketi, mzembe angeiparamia. Huyu anaishuku kwa utaratibu, kisha anaifungua bila wasiwasi, kwa kuwa ameshamaliza maswali yake yote. Ni adabu ya kazi ambayo matunda yake ni kutotokea kwa jambo, ndiyo maana hailipwi. Basi unapopatana naye bei, usimharakishe, na zile dakika za kuzunguka zihesabu kuwa kazi.